Chujio la maji, chujio la damu na mkono wa baba

Swali: Baba yangu ana miaka 61. Figo zake zimedhoofu kwa sababu ya kisukari na shinikizo la damu, na daktari ametuambia kwamba huenda kabla mwaka haujaisha akahitaji kusafishwa damu kwa mashine. Amependekeza afanyiwe upasuaji mdogo wa kuunganisha ateri na vena mkononi. Baba amekataa katakata. Anasema hawezi kukubali mshipa mzima ukatwe, ni afadhali awekewe mrija wa plastiki. Mimi nimesoma kwamba chembe za plastiki zimeonekana ndani ya mishipa ya damu ya watu na kwamba zinahusishwa na kiharusi, kwa hiyo mrija huo nao unanitia hofu. Kaka yangu, ambaye hufunga mitambo ya kuchuja maji, anasema utando unaochuja maji na ule unaochuja damu ni ndugu, hivyo tukipata mashine iliyokwisha kutumika tunaweza kumhudumia baba nyumbani kwa maji ya mtambo wake, ambayo watu huyanywa bila tatizo. Je, kaka yuko sahihi? Na baba?

Jibu: Kwanza, pole kwa kuuguliwa na mzazi. Kaka yako yuko sahihi kwa nusu na baba yako kwa robo, na kwa bahati mbaya sehemu wanayoikosea ndiyo yenye hatari. Umeleta hofu tatu, ya maji, ya plastiki na ya upasuaji, lakini nikizitazama kwa jicho la mtu aliyefanya kazi na tando za kuchujia kwa miaka mingi, naona ni swali moja tu: ni kitu gani kinachoruhusiwa kuigusa damu, kwa muda gani, na katikati yake kuna nini. Nitalijibu kwa urefu. Kumbuka tu kwamba sijamwona baba yako wala vipimo vyake, kwa hiyo yapo mambo ambayo daktari wake atayajua kuliko mimi.

Nianze na kaka, maana historia inamuunga mkono. Neno dayalisisi, ambalo leo ndilo jina la huko kusafishwa damu, lilianzishwa na mkemia wa Uskoti, Thomas Graham, mwaka 1861, alipoonyesha kwamba chumvi na vitu vingine vyenye molekuli ndogo hupenya utando fulani huku vile vyenye molekuli kubwa vikibaki. Mwaka 1943, Uholanzi ikiwa chini ya ukaliaji wa Wajerumani, daktari Willem Kolff alichukua selofani iliyokuwa ikitumika kufungia soseji, akaizungusha kwenye pipa lililokuwa likijiviringisha ndani ya maji ya chumvi, akapitisha damu ya wagonjwa humo. Karibu wote wa mwanzo walifariki. Mwaka 1945 alipatikana wa kwanza kunusurika. Kisha, miaka ya 1960, nyuzi nyembamba zenye tundu katikati, zilizokuwa zikitengenezwa kwa ajili ya kuondoa chumvi katika maji, ziligeuzwa na watafiti wa Marekani kuwa chujio la damu. Undugu anaouzungumzia kaka yako ni wa kweli kabisa: tando hizo zimezaliwa katika maabara zilezile, na mara nyingi kwa malighafi ileile.

Hata umbo la chujio la kisasa bado linaonyesha asili hiyo. Ukilikata kwa msumeno utaona fungu la nyuzi nyeupe, kiasi cha 10,000 hivi, zilizobanwa kama nywele za mswaki. Kila uzi una tundu la mikromita 200 na ukuta wa mikromita 40 hivi, yaani tundu lisilozidi sana unene wa unywele mnene. Ukizikunjua zote na kuzitandaza utapata eneo la mita mraba moja na nusu hadi mbili, lakini damu iliyomo ndani yake kwa wakati mmoja haifiki hata mililita 100. Huo ndio ujanja wote wa kihandisi: eneo kubwa, damu kidogo. Mara nyingine, chujio likiisha kutumika na kusuuzwa, hubaki nyuzi chache zenye rangi nyekundu katikati ya zile nyeupe. Hizo ni nyuzi ambazo damu iligandia ndani, nami nitazirudia baadaye, kwa sababu zinaeleza kwa nini daktari anautaka mkono wa baba yako.

Sasa tofauti. Mtambo wa kaka yako, kama ni wa osmosisi kinyume, husukuma maji kwa nguvu kubwa kupita kwenye utando uliobana kiasi kwamba hata chumvi iliyoyeyuka huzuiwa kwa zaidi ya asilimia 95. Maji hupita, uchafu hubaki, na safari ni ya upande mmoja. Chujio la damu halifanyi kazi hivyo. Damu hupita ndani ya nyuzi, na nje yake hupita maji yaliyotiwa chumvi kwa vipimo maalumu. Urea na kreatinini, ambazo ni taka za mwili, pamoja na potasiamu huhama kutoka upande zilikojaa kwenda upande zilikopungua, kama harufu ya udi inavyotoka chumba kimoja kwenda cha pili bila kusukumwa. Vitundu vya utando huo ni vikubwa kuliko vya utando wa maji, kwa sababu lazima viruhusu taka za damu zitoke, isipokuwa protini kubwa kama albumini na chembe za damu zenyewe. Mlango huo hauna bawabu. Kama upande wa maji una kitu ambacho damu haina, nacho kitahama vilevile, kikielekea kwenye damu. Utando wa kaka yako umetengenezwa kuzuia. Utando wa mashine umetengenezwa kuruhusu. Malighafi inaweza kuwa ya ukoo mmoja, lakini kazi zao zinapingana.

Hapo ndipo hoja ya kwamba “watu huyanywa bila tatizo” inapoanguka. Mtu anayekunywa lita mbili kwa siku hutumia lita 14 kwa wiki, na maji hayo hupitia utumbo unaochagua cha kupokea, kisha ini, na kilichozidi hutolewa na figo. Mashine ya dayalisisi hupitisha kwa kawaida mililita 500 za maji kila dakika. Kwa kikao cha saa nne ni lita 120, na kwa vikao vitatu vya wiki ni lita 360. Maji hayo yote yanakutana na damu yakiwa yametenganishwa nayo na ukuta wa mikromita 40, bila utumbo wala ini kutangulia, katika mwili wa mtu asiye na figo za kutoa sumu iliyoingia.

Chukua mfano wa kloramini, dawa inayotiwa katika maji ya mabomba sehemu nyingi duniani ili kuua vijidudu. Nchini Marekani kiwango kinachoruhusiwa katika maji ya kunywa ni miligramu nne kwa lita, na mtu mzima hadhuriki nacho. Katika maji ya dayalisisi kikomo ni miligramu 0.1, mara 40 chini yake, kwa sababu kloramini ikiingia kwenye damu moja kwa moja huharibu himoglobini na kuzipasua chembe nyekundu. Mtu yeyote aliyewahi kufuga samaki ndani ya nyumba analijua jambo hili bila kusoma tiba: maji ya bomba anayoyanywa yeye mwenyewe huwaua samaki wake. Shavu la samaki, analopumulia, ni utando mwembamba kati ya damu na maji. Mgonjwa aliyelala kwenye mashine ni kama huyo samaki. Na jambo ambalo mafundi wengi wa maji ya kunywa hawalijui ni kwamba utando wa osmosisi kinyume hauizuii kloramini vizuri. Kazi hiyo hufanywa na matangi ya mkaa amilifu, ambayo katika vituo vya dayalisisi huwa mawili yakifuatana, ili la kwanza likichoka la pili lishike, na maji hupimwa baina yake kabla ya kila zamu ya wagonjwa.

Au chukua shabu. Kwa vizazi vingi watu wameitumia kutuliza tope la maji, na mitambo ya miji nayo hutumia chumvi za alumini kwa kazi hiyohiyo. Miaka ya 1970 madaktari walianza kuona wagonjwa wa dayalisisi waliopatwa na kigugumizi, kisha kusahau, kisha degedege, na wengine mifupa ikivunjika kwa jambo dogo. Alumini iliyobaki katika maji ilikuwa imejilimbikiza ubongoni na katika mifupa. Leo kikomo chake ni miligramu 0.01 kwa lita. Tukio baya zaidi lilitokea Februari 1996 katika mji wa Caruaru, Brazili, ambako kituo kimoja cha dayalisisi kilipokea maji ya bwawa, yaliyoletwa kwa malori bila kutibiwa ipasavyo, na ndani yake mlikuwa na sumu ya bakteria wa kijani wanaoota kwenye maji yaliyotuama. Zaidi ya wagonjwa 50 walifariki kwa ini kuharibika.

Usidhani basi kwamba kuyachemsha kungesaidia. Kuchemsha huua bakteria, lakini alumini haiendi popote, bali maji yanapopungua yenyewe huzidi. Hata bakteria waliokufa huacha vipande vya ganda lao vinavyoitwa endotoksini, ambavyo havijali moto wa jikoni, na ambavyo vikipenya kwenye damu humletea mgonjwa homa na mtetemeko, au, vikiwa kidogo kidogo kwa miezi mingi, uvimbe wa ndani usioonekana. Mweleze kaka yako jambo hili, maana ataliona haraka kuliko wewe: ukishaondoa klorini na kloramini kwa mkaa, ili zisimdhuru mgonjwa na ili klorini isiharibu utando wa osmosisi kinyume, umeyaacha maji bila mlinzi. Kuanzia hapo kila kona ya bomba ambamo maji husimama ni kitalu cha bakteria. Ndiyo maana mabomba ya kituo hujengwa kwa mzunguko usio na vipande vilivyokufa, maji yakizunguka muda wote, na kusafishwa kwa joto au kemikali kwa ratiba. Sidharau ufundi wake hata kidogo, ila nasema mtambo wake haukujengwa kwa kazi hii, na hata maji yake yakipimwa leo yakaonekana mazuri, swali ni nani atayapima Jumatatu ijayo.

Je, dayalisisi ya nyumbani haiwezekani? Inawezekana, na wapo wanaoifanya kwa mafanikio makubwa, lakini hufanywa chini ya mpango wa hospitali: mgonjwa na msaidizi wake hufundishwa kwa wiki kadhaa, mashine hukaguliwa, maji hupimwa, na kuna mtu wa kumpigia simu usiku. Mashine iliyonunuliwa mkononi bila mpango huo siwezi kuikubali kwa mgonjwa yeyote. Ipo pia dayalisisi ya tumboni, ambamo utando unaotumika ni ule wa mwili wenyewe unaozunguka matumbo, na maji yake huja katika mifuko yakiwa tayari safi kabisa. Haihitaji mtambo wa maji wala mshipa wa mkono. Nashangaa kwamba haikutajwa katika swali lako, kwa kuwa ingejibu hofu mbili kati ya tatu. Haimfai kila mtu, hasa aliyewahi kufanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo au asiye na mazingira safi ya kubadilishia mifuko, lakini muulizeni daktari waziwazi kama inamfaa baba. Muulizeni pia habari ya kupandikizwa figo.

Tugeukie plastiki. Ni kweli kwamba mwaka 2024 watafiti wa Italia waliripoti kuwa walichunguza mafuta yaliyoganda katika ateri za shingo za wagonjwa 257 waliofanyiwa upasuaji, wakakuta chembe ndogo za polithini kwa wagonjwa 150. Katika muda wa karibu miaka mitatu, wale waliokuwa na chembe hizo walipatwa na mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo kwa kiwango cha mara nne na nusu kuliko wasiokuwa nazo. Ni utafiti mzito na sitaupuuza. Lakini unaonyesha vitu viwili vikienda pamoja, si kimoja kikisababisha kingine. Huenda waliokuwa na chembe nyingi walitofautiana na wenzao kwa mambo mengine ya maisha. Isitoshe, vumbi la polithini lililomezwa na chembe za kinga ni jambo tofauti na mrija mzima wa Tefloni, plastiki inayotengenezewa mishipa bandia, uliokaa mahali pake. Plastiki ambayo ningeizungumzia kwa uangalifu zaidi katika dayalisisi ni ile laini ya mipira inayopeleka damu kwenye mashine, kwa sababu kemikali inayoilainisha huweza kutoka kidogo kidogo na kuingia kwenye damu. Watengenezaji wameanza kutoa mipira isiyo nayo. Hata hivyo, kwa mtu ambaye figo zake zimekwisha, hatari hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kukosa dayalisisi.

Tatizo kubwa la plastiki na damu ni jingine, na ndilo lile la nyuzi nyekundu. Damu ikigusa kitu chochote kisicho mshipa, ndani ya sekunde chache protini zake hukinatia na kukifunika. Chembe sahani, yaani zile chembe za damu zinazoziba majeraha, huzitambua protini hizo kama alama ya jeraha, hushikamana, na kuganda huanza. Selofani ya zamani ilikuwa na kasoro ya ziada: iliamsha kinga ya mwili kiasi kwamba chembe nyeupe zilipungua ghafla katika nusu saa ya kwanza ya kikao. Tando za leo, nyingi zikiwa za plastiki iitwayo polisalfoni, ni pole zaidi, lakini hakuna hata moja ambayo damu haiioni. Tunafaulu kwa sababu mbili tu: tunampa mgonjwa heparini ya kuzuia kuganda, na damu hupita kwenye chujio kwa saa nne kisha chujio huondolewa. Sasa jiulize mrija ambao unatakiwa ukae ndani ya mwili kwa miaka, usiku na mchana, bila heparini.

Mshipa wa asili hauna tatizo hili, wala si kwa sababu ni laini kuliko Tefloni. Ndani yake umetandikwa tabaka moja tu la chembe hai, jembamba kiasi cha kushangaza, linaloitwa endotheli. Kwa muda mrefu watu waliliona kama rangi ya ukutani. Mwaka 1980 Robert Furchgott alionyesha kwamba kipande cha mshipa hulegea kinapopewa dawa fulani ikiwa tabaka hilo limebaki. Likikwanguliwa, mshipa haulegei. Ujumbe uliokuwa ukitoka kwenye tabaka hilo ulikuja kutambuliwa kuwa gesi ya oksidi ya nitriki, na mwaka 1998 yeye, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel. Gesi hiyohiyo huzizuia chembe sahani zisishikamane. Kwa maneno mengine, mshipa haukai kimya ukingoja damu ipite. Unaiambia damu, kila dakika, isigande. Wahandisi wa vifaa tumejaribu kuiga kazi hiyo kwa kupaka heparini, kwa kubadilisha nyuso za plastiki, kwa kupanda chembe juu yake, na baada ya miongo mingi bado endotheli inatushinda.

Upasuaji anaoutaka daktari unautegemea uhai huo. Unaitwa fistula, na najua neno hilo linawashtua wengi kwa sababu wamelizoea kwa maana ya jeraha la uzazi. Hapa lina maana nyingine: njia iliyounganishwa kwa makusudi kati ya ateri na vena. Mashine huhitaji mililita 300 hadi 400 za damu kila dakika. Ateri ya kifundo cha mkono, kwa kawaida, hupitisha 20 hadi 30 hivi, na vena za juu ni nyembamba na hujifunga ukizivuta kwa nguvu. Njia iliyopatikana, tangu madaktari wa New York walipoieleza mwaka 1966, ni kushona vena kwenye ateri iliyo jirani. Msukumo wa ateri ukiingia kwenye vena, endotheli huhisi mkwaruzo wa damu inayopita kwa kasi, hutoa oksidi ya nitriki, na mshipa hupanuka. Ukuta wake nao huongezeka unene. Baada ya wiki sita au zaidi, madaktari hutarajia upitishe walau mililita 600 kwa dakika, uwe na kipenyo cha milimita sita, na usiwe ndani zaidi ya milimita sita chini ya ngozi, ili sindano iupate. Ukiweka vidole juu ya fistula iliyokomaa utahisi mtetemo laini usiokatika, kama ubavu wa paka anayekoroma. Hakuna kifaa tulichokitengeneza kinachoweza kujikuza hivyo.

Kwa hiyo, baba akisema mshipa wake utaharibiwa, mjibuni kwa heshima kwamba ni kweli vena moja inabadilishwa kazi, na haitarudi kama ilivyokuwa. Mkono wenyewe hubaki na damu kwa sababu kiganja hulishwa na ateri mbili, na daktari huzipima kabla. Lakini muulizeni pia anamaanisha mrija upi, kwa maana ipo miwili na watu huichanganya. Wa kwanza ni mshipa bandia wa Tefloni iliyovutwa, unaozikwa chini ya ngozi ya mkono kati ya ateri na vena. Huu nao ni upasuaji, na nao unashonwa kwenye vena yake ileile! Faida yake ni kwamba huweza kutumika baada ya wiki mbili au tatu bila kusubiri kukomaa. Hasara ni kwamba endotheli ya binadamu huutambalia kwa sentimita moja au mbili tu kutoka ncha zake, sehemu iliyobaki huwa plastiki tupu, na pale ambapo mrija mgumu unakutana na vena laini chembe za misuli hujijenga ndani hadi njia inakaribia kuziba. Wagonjwa wengi wa mshipa bandia hurudi ndani ya mwaka mmoja kupanuliwa kwa puto au kuondolewa bonge la damu. Wa pili ni katheta, mpira unaoingizwa kwenye vena kubwa ya shingo. Huo hutumika siku hiyohiyo, na kwa dharura huokoa maisha, lakini ncha yake iko nje ya ngozi na ndani iko karibu na moyo, kwa hiyo bakteria wana njia ya moja kwa moja. Zaidi ya hayo, huweza kuipunguza njia ya vena kubwa za kifua, na hapo mkono wa upande ule unaweza usifae tena kwa fistula. Baba anayetaka kuilinda mishipa yake akachagua katheta atakuwa ameilinda hiyo ya juu kwa gharama ya ile mikubwa.

Sitaki niisifu fistula kupita kiasi, kwa kuwa hapo ndipo wagonjwa hukata tamaa baadaye. Tafiti mbalimbali zimeripoti kwamba kati ya asilimia 20 na 60 ya fistula hushindwa kukomaa bila msaada, na kisukari cha muda mrefu, ambacho baba yako anacho, hudhoofisha ateri na endotheli yenyewe. Fistula yenye mkondo mkubwa mno huweza kuulemea moyo uliokwisha kuchoka, na mara chache hunyang'anya vidole damu. Kwa sababu hizo, mwongozo wa mwaka 2019 wa KDOQI, mpango wa Marekani unaotoa miongozo ya tiba ya figo, uliacha msimamo wa kumtaka karibu kila mgonjwa awe na fistula, ukataka daktari na mgonjwa wapange maisha yote ya tiba kwa pamoja: umri, moyo, vena zilizopo, na uwezekano wa kupandikizwa. Kwa mtu wa miaka 61 ambaye bado ana miezi mbele yake, mwenye vena nzuri kwenye ultrasaundi na moyo unaovumilia, mimi ningechagua fistula bila kusita. Vena zikionekana nyembamba mno, mshipa bandia si aibu wala kushindwa. Katheta ningeiacha kwa dharura, au kwa mgonjwa ambaye njia nyingine zimekwisha au moyo wake hauwezi.

Huenda umesikia pia habari za mishipa inayooteshwa maabara. Si uvumi. Chembe za misuli hupandwa juu ya kiunzi kinachoyeyuka, zikishajenga ukuta chembe huoshwa zote, na mrija uliobaki ni wa protini za binadamu bila chembe za mtu yeyote. Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mshipa wa aina hiyo kwa majeruhi walioharibika ateri za mikono au miguu, si kwa dayalisisi. Msiahirishe uamuzi mkiungoja.

Yapo mambo ambayo hayawezi kungoja jibu la maandishi. Akishindwa kupumua akiwa amelala, akivimba ghafla, akitapika mfululizo, akichanganyikiwa, au misuli ikilegea na mapigo ya moyo kwenda ovyo, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu hizo huweza kuwa dalili kwamba maji, potasiamu au taka za damu zimezidi. Fistula ikishawekwa, afundishwe kuupapasa mtetemo kila asubuhi. Ukikoma, aende siku hiyohiyo, maana bonge la damu likiwahiwa mara nyingi huondolewa. Vidole vikiwa baridi, vyeupe na vyenye maumivu, au mahali pa sindano pakiwa pekundu na penye usaha, asingoje kikao kijacho. Ikitokea damu inachuruzika kwa nguvu, bonyezeni penyewe kwa kidole na kitambaa kidogo, mwinue mkono, muite msaada, wala msipoteze muda kufungafunga rundo la nguo juu yake.

Kwa wiki hii fanyeni matatu. Ombeni ultrasaundi ya mishipa ya mikono yote miwili, ili mabishano ya nyumbani yawe na vipimo badala ya hofu. Mpelekeni kaka kwenye kituo cha dayalisisi, akaombe kuonyeshwa chumba cha maji. Fundi mzuri akiyaona matangi yale mawili ya mkaa na daftari la vipimo ataelewa zaidi ya nilivyoeleza hapa. Na tangu leo, hata kabla baba hajakubali lolote, mkono asiouandikia usichomwe sindano wala kutolewa damu kuanzia kifundo hadi begani. Mhudumu akihitaji damu, atumie mgongo wa kiganja cha mkono mwingine.